Mhifadhi wa Ndulele

Waliomfahamu kwa mbali walisema alikuwa mkali. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulijua neno hilo halitoshi. Mkali ni mbwa, na mbwa akishiba hutulia. Yeye alikuwa mkatili, na ukatili wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri, akala vizuri, kisha akakwambia ubaya wako huku akimenya chungwa.

Alikuwa mhifadhi wa mimea mikavu katika chuo kimoja pale Iringa. Kazi yake ilikuwa kutunza makabati yaliyojaa matawi yaliyobanwa, yakakaushwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu, kila moja likiwa na jina lake na mahali lilipochumwa. Mbele yake tulimwita Madam. Akigeuka tulimwita Mhifadhi, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Siku yangu ya kwanza darasani kwake aliingia na sinia. Juu yake alipanga kiazi mviringo, nyanya, ngogwe, yaani nyanya chungu, kishada cha mnavu na tunda la ndulele, lile la manjano ambalo watoto hupigana nalo na mbuzi hupita bila kulitazama.

"Nani na nani hapa ni ndugu?" akauliza.

Kijana mmoja wa Makambako akasimama kwa ujasiri. Akasema ngogwe na nyanya huenda ni ndugu, lakini kiazi hakimo, kwa sababu kiazi kinatoka ardhini.

Mhifadhi alimtazama bila haraka. "Baba yako ameuza ng'ombe ili usome?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi amekosea. Ng'ombe ameletwa chuoni."

Tulicheka, kwa hofu zaidi kuliko furaha. Yule kijana hakurudi tena kwenye somo lile. Alihamia ualimu wa historia. Mhifadhi aliendelea kama mtu aliyefuta ubao. Alitueleza kuwa vyote vilivyo kwenye sinia ni jenasi moja, na kwamba tungeviacha vitoe maua tungeona: ua la umbo la nyota, na katikati mafuko ya chavua yamesimama pamoja kama vindizi vichanga, yanatoboka kileleni badala ya kupasuka ubavuni. Alisema tunakula jenasi hiyo kila siku na bado tunaipita kando ya barabara kana kwamba hatujawahi kuionja.

Katika jenasi hiyo kubwa yeye alichagua kitu kigumu kuliko vyote, yaani ndulele na jamaa zake wenye miiba. Mmea huo hauna adabu. Ukiota jalalani unakuwa mfupi wenye miiba mpaka juu ya jani. Ukiota kivulini unarefuka, majani yanakuwa mapana na laini, miiba inapungua. Waliotangulia waliona kila sura mpya wakaipa jina jipya, hata ikawa mmea mmoja una majina mengi kama tapeli. Mhifadhi aliutumia ujana wake wote kuyapunguza. Alipanda milima ya Uporoto, akatambaa kando ya mashamba ya Kilolo, akashuka mpaka tambarare za Usangu. Alivaa gauni la kanisani na gambuti. Lenzi yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kabla ya kutumia lenzi alilipitisha jani juu ya mdomo wake, polepole. Majani ya ndulele yana nywele ndogo zenye umbo la nyota, na yeye alidai mdomo unazihesabu vizuri kuliko macho. Mara nyingi alitaja mmea kabla hajautazama, nasi tukienda kwenye makabati tukakuta ni kweli.

Alikuwa na msemo aliotuchapa nao kila tulipoleta jambo la haraka haraka. "Sifa moja ni umbea," alikuwa akisema. "Umeona jani limekatika pembeni, ukakimbia kuniambia ni spishi mpya. Huo ni umbea. Niletee ua, niletee tunda, niletee unywele, niletee mbegu, halafu tuzungumze." Kazi ya mwanafunzi iliyosimama kwenye sifa moja aliirudisha ikiwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Nenda sokoni, huko wanasikiliza.*

Lakini sitaki mtu afikiri kuwa hakuwa na kitu kingine. Kila Jumapili aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Kilutheri, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba wageni waliuliza ni nani. Wenzake wa kwaya hawakuipenda, kwa sababu mtu akikosea noti yeye aliacha kuimba, akageuka na kumtazama mpaka wimbo uishe.

Nilipomaliza masomo alinichukua kufanya kazi hifadhini kwake, na mama yangu alipofariki kule Rungwe, Mhifadhi alikuja. Alipanda mabasi kutwa nzima, akaingia msibani akiwa na kanga mbili na kilo za sukari, akalala kwenye mkeka na wanawake wengine, akaosha masufuria ambayo mashangazi zangu waliyakwepa. Wale wazee wa Kinyakyusa walimpenda sana, wakamwita mwanetu. Asubuhi ya kuondoka alinivuta pembeni, nami nikainama nikidhani ataniombea.

"Umelia vya kutosha," alisema. "Sampuli zako zinaota ukungu."

Nilirudi kazini wiki ile ile. Mpaka leo sijui kama alinitendea wema au ubaya.

Katika milki yake yote kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda waziwazi. Juu ya Kilolo, ndani ya kipande cha msitu kilichobaki katikati ya mashamba, aliwahi kukuta ndulele isiyo na miiba kabisa. Shina lake lilikuwa laini kama la mchicha, majani mapana, na nywele zake zilikuwa na ncha ya kati ndefu kuliko nyinginezo. Aliichunguza misimu mingi. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa na ua, tunda, unywele na mbegu. Akaitangaza kuwa spishi mpya na kuipa jina la mama yake, mwanamke wa Kalenga aliyezikwa bila hata picha moja. Kila mgeni aliyefika kwenye hifadhi alionyeshwa karatasi ile. Alikuwa akiifungua kwa mikono miwili, na sisi tulitazamana, maana hatukuzoea kumwona akishika kitu hivyo.

Sasa nieleze habari ya mtoto.

Mdogo wake, mwanaume wa pekee kwao, alikuwa mkulima wa nyanya kule Kalenga. Alioa binti wa Chimala aitwaye Tusekile, mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na Mhifadhi hakumpenda tangu siku ya posa. Alisema anacheka kabla ya kusikia. Walipopata mtoto wa kike walimbatiza Editha, na baada ya kanisa watu walikusanyika uani kula. Mimi nilikuwepo, kwa sababu Mhifadhi alitualika sote wa hifadhini, akatupangia na kazi za kufanya.

Alimpokea mtoto kutoka kwa mama yake. Alimgeuza kichwa taratibu, akalitazama sikio la kulia, akamgeuza tena, akalitazama la kushoto. Nilizijua zile ishara za mikono. Ndivyo alivyogeuza matawi.

"Kwetu ndewe za masikio zinaning'inia," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba, mama, babu, wote. Huyu zake zimegandia shavuni." Akamrudishia Tusekile mtoto. "Mtoto mzuri. Lakini si wa jenasi yetu."

Watu walicheka, maana ilikuwa sherehe na walizoea ulimi wake. Tusekile pia alicheka. Kisha akamtazama mumewe, na kicheko kikamkauka mdomoni. Yule bwana alikuwa ameweka sahani chini na anamtazama dada yake, akingoja aseme ni utani.

Mhifadhi hakusema ni utani. Aliomba maji ya kunawa.

Sifa moja. Mwanamke aliyewafelisha watu kwa sifa moja alimfukuza mtoto wa mdogo wake, sisemi kwa ubaya wa moyo tu, bali kwa kitu ambacho yeye mwenyewe angekiandikia kalamu nyekundu. Nilimuuliza jambo hilo baadaye, tukiwa wawili kwenye makabati. Alinijibu bila kugeuka, "Wewe Mnyakyusa, funga mlango, vumbi linaingia."

Tusekile hakukaa Kalenga baada ya mavuno ya mwaka ule. Mumewe alimpakia yeye na mtoto kwenye basi, na nguo zao kwenye kiroba. Mwanamke alikwenda ustawi wa jamii, akaomba wapimwe wote watatu ili ukweli ujulikane. Mume alikataa. Aliwaambia wale maofisa, "Dada yangu amesomea kutambua vitu hivi mpaka Ulaya. Ashindwe na mtoto?" Na Mhifadhi, alipoulizwa na wazee wa ukoo kama mdogo wake aende kupima, alisema jicho lake linatosha. Basi wakamwachia jicho lake. Yule bwana akaoa mwingine. Tusekile akaanza kuuza mchele Chimala, kwanza kwa kisado barabarani, baadaye dukani.

Miaka ikapita, nami nikahamia Mbeya, kwenye maabara ya vinasaba vya mimea. Mhifadhi alipopata habari alinipigia simu kunipongeza kwa namna yake. "Nasikia sasa mnasaga jani, mnakunywa supu yake, halafu supu inawaambia jina."

"Si hivyo, Madam."

"Basi njoo unieleze, maana mimi ni mshamba."

Ndivyo tulivyoanza kazi ya kuzipanga upya ndulele zote za Nyanda za Juu Kusini. Yeye alileta umbile: nywele, miiba, maua, mbegu, vipimo vyote alivyokusanya maishani. Mimi nilileta vinasaba. Tulichuma majani mabichi kila mahali alipowahi kufika, tukayakausha ndani ya vifuko, nikaenda nayo Mbeya. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mahali pengi mno supu yangu ilikubali mdomo wake. Mimea aliyoitenga kwa unywele ilitengana hata ndani ya damu yake, kama tunaweza kusema hivyo, na ile aliyoiunganisha iliungana. Nilimpelekea matokeo kwa furaha. Alisema tu, "Sasa umeamini nisemacho, au umeamini mashine?"

Kisha ikafika zamu ya ile ya Kilolo.

Haikukaa peke yake. Kwenye mchoro wa ukoo tuliouchora, matawi ya mmea aliouita kwa jina la mama yake yalikuwa yametawanyika katikati ya ndulele ya kawaida, ile ya jalalani, ile ya nyuma ya vyoo. Hapakuwa na spishi pale. Palikuwa na ndulele iliyokulia kivulini.

Nilirudia kazi yote kabla ya kumwambia. Nikasafiri hadi Iringa nikamwekea mchoro mezani. Aliutazama muda mrefu, kidole chake kikitembea juu ya matawi. Nilisubiri matusi. Hayakuja. Aliniuliza kama niliweka alama vifuko sawasawa, nikasema ndiyo. Akaniambia niende nikale.

Kesho yake alipanda kwenda Kilolo peke yake, kwa miguu yake iliyokwishaanza kuvimba, akachimbua miche kadhaa kutoka ndani ya msitu ule. Aliipanda nyumbani kwake kwenye makopo ya rangi, akaiweka uani palipo na jua kali. Jirani yake aliniambia kuwa alikuwa akiiinamia kila asubuhi, akipitisha kidole kwenye mashina. Msimu uliofuata, machipukizi mapya yalitoka na miiba.

Alinipigia simu. "Imenichoma," alisema.

Mtu mwingine angeanza kubishana. Angesema vinasaba vimekosea, au angeacha jambo life kimya kwenye kabati. Mhifadhi aliandika makala mwenyewe. Aliandika kwamba spishi ile haipo, kwamba aliyeitangaza alidanganywa na kivuli, na kwamba jina la spishi hiyo lisitumike tena. Nilimwomba alainishe sentensi moja iliyokuwa ikimtukana mwandishi wa zamani, yaani yeye mwenyewe. Alikataa. Akafungua ile karatasi yake kwa mikono miwili, akabandika kibandiko kipya juu ya jina la mama yake, akairudisha kwenye rundo la ndulele za kawaida. Nilipotaka kusema pole alinikata. "Usinionee huruma kwa kazi uliyoifanya vizuri."

Nadhani ni baada ya hapo ndipo alipoanza kufikiria masikio. Hakuniambia. Nilisikia tu kwamba amekwenda Kalenga kwa mdogo wake na kumwambia akapime. Mdogo wake, mzee sasa, mwenye watoto wengine wakubwa, alimuuliza apime nini tena. Mhifadhi akasema, "Pima. Huenda nilikosea."

Editha alikuwa binti mkubwa, mwenye akili zake, na alikubali kwa sababu alitaka mama yake apumzike. Taratibu zikafuatwa kupitia ustawi wa jamii, na majibu yakatolewa ofisini. Alikuwa mtoto wa baba yake bila shaka yoyote. Yule bwana alitoka nje kwenye korido, kofia mkononi, akamngoja binti yake apite. Binti alipita. Hakumsukuma wala hakumsema. Alipita kama mtu apitavyo mbele ya mlango wa ofisi isiyomhusu. Mzee alirudi Kalenga na tangu siku ile hakumpokelea dada yake simu.

Ndipo Mhifadhi akaniambia anataka kwenda Chimala na kwamba hataki kwenda peke yake. Hilo pekee lilinitisha. Yeye alitoka Iringa, mimi nilitoka Mbeya, tukakutana stendi adhuhuri, jua la Usangu likiwa limesimama juu ya mabati. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vizuri. Nikamuuliza atasema nini.

"Nitasahihisha," alisema.

Duka la Tusekile lilikuwa karibu na mashine za kukoboa, limejaa magunia, na pumba zilielea hewani mpaka tukapiga chafya. Tusekile alikuwa amenenepa na kupendeza, bado na uso ule wa kucheka. Alimtambua mara moja. Hakumwita wifi.

"Karibuni viti," alisema. "Mwalimu, umezeeka."

"Nimekuja kuhusu mtoto," Mhifadhi akasema, akiwa bado amesimama. "Nilisema si wetu. Nilikosea. Ni wetu."

Tusekile alimtazama. "Ni wenu?"

"Vipimo vimeonyesha."

"Mwalimu," Tusekile alisema kwa upole, kama unavyomwambia mtoto aliyechelewa kuelewa, "wewe bado unafikiri kulikuwa na kitu cha kutafuta. Mimi nilijua mtoto ni wa nani. Nilikuwepo."

Mteja aliyekuwa akichagua mchele mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Mhifadhi aliketi.

Editha alitoka stoo akiwa na beseni kichwani. Alilitua, akajifuta pumba usoni, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," Mhifadhi akasema. Kisha, haraka, "Mimi ni shangazi yako."

"Nimeambiwa," binti alijibu. Akamgeukia mama yake. "Hawa wageni wanakula, au niwaletee soda tu?"

"Wanakula," Tusekile alisema. "Wametoka mbali."

Tulikula. Walituandalia wali mweupe na samaki wa bwawani, wakatunawisha mikono, wakatukaribisha tena na tena mpaka sahani zikaisha. Hawakuuliza lolote. Wateja waliingia, mama na binti wakawahudumia, wakataniana nao kwa Kisangu tusichokijua, na sisi tulikaa kwenye viti vyetu vya plastiki kama watu waliokuja kununua gunia wakakuta limeisha. Tulipoinuka Editha alitusindikiza mpaka ukingo wa barabara, ndivyo adabu inavyotaka, akasema "Safari njema", akarudi ndani kabla hatujageuka.

Tulirudi stendi. Basi la Iringa lilichelewa. Mhifadhi alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, macho yake upande wa mashine za kukoboa, ambako kwa mbali ungeweza kumwona binti akipepeta mchele kwenye ungo.

"Tazama anavyokunja kiwiko," alisema ghafla. Sauti yake ilikuwa na uhai ambao sikuwa nimeusikia siku nzima. "Na bega la kushoto linavyotangulia. Huyo ni mama yangu. Mama yangu alipepeta hivyo hivyo. Sijui kwa nini sikuona. Tazama shingo, tazama—"

"Madam," nikasema, "nyamaza."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia hivyo, wala sikuwahi kusikia mtu akimwambia. Nilingoja. Aligeuza kichwa akanitazama, na nikaona anatafuta jambo la kunijibu, na nikaona ameacha.

Basi lilipofika alipanda bila kuniaga. Viti vilikuwa wazi pande zote mbili. Akachagua upande wa pili, ambao dirisha lake halioni dukani kwa Tusekile.